Kusoma Kiebrania na Taaluma za Kiyahudi Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Afrika Mashariki

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaotamani kusoma Kiebrania huvutwa na Biblia, na hiyo ni sababu njema kabisa. Lakini Wayahudi hawakuweka kalamu chini baada ya nabii Malaki. Waliendelea kuandika sheria, mashairi ya ibada na ya mapenzi, barua za biashara, vitabu vya falsafa na vya utabibu, na hivi leo wanaandika riwaya na magazeti. Wametumia Kiebrania, na pia Kiaramu, Kiarabu, Kiyidishi (lugha yao iliyotokana na Kijerumani) na Kiladino (iliyotokana na Kihispania), lugha ambazo kwa karne nyingi waliziandika kwa herufi zao za Kiebrania. Taaluma za Kiyahudi ni uchunguzi wa maandishi hayo yote na wa watu walioyaandika, na anayeomba nafasi chuoni akiwa na Agano la Kale peke yake akilini huishia ama kuchagua kozi isiyomfaa, ama kushangazwa na mtaala katika muhula wa kwanza. Mwongozo huu unahusu namna ya kuchagua, kujiandaa, kuomba na kusoma, kwa kuzingatia akiba ambayo mtu aliyekulia katika Kiswahili huwa nayo tayari, nayo si ndogo.

Hatua ya kwanza: Amua unataka Kiebrania cha zama zipi

Kabla ya kuangalia chuo chochote, jiulize unataka kusoma maandishi gani. Kiebrania cha Biblia ni kimoja, lakini Kiebrania cha marabi, yaani walimu wa sheria ya Kiyahudi, kina msamiati na sarufi yake. Hicho ndicho utakachokikuta katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliohaririwa takriban mwaka 200 baada ya Kristo chini ya Rabi Yehuda ha-Nasi, wenye migawanyo mikuu sita na vitabu 63. Talmudi ya Babeli, inayoifafanua Mishna hiyo, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kiaramu, kwa hiyo anayetaka kuisoma anajiandikisha kwa lugha mbili hata kama tangazo la kozi linataja moja. Kiebrania cha kisasa nacho ni lugha ya mtaani, ya bunge na ya maabara. Kilirudishwa vinywani mwa watu kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na mtu anayetajwa zaidi katika kazi hiyo ni Eliezer Ben-Yehuda, aliyefika Palestina mwaka 1881 na kufariki mwaka 1922. Tangu mwaka 1953 kuna Akademia ya Lugha ya Kiebrania inayosanifu istilahi, kazi inayofanana na ile ambayo BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania, inaifanya kwetu.

Tofauti nyingine ya kuielewa mapema ni ile iliyopo kati ya kitivo cha teolojia na idara ya taaluma za Kiyahudi. Katika teolojia, Kiebrania hufundishwa ili kumsaidia mchungaji, padri au mfasiri kuyaelewa Maandiko ya kanisa lake. Katika taaluma za Kiyahudi, andiko lile lile husomwa pamoja na wafafanuzi wa Kiyahudi, kama Rashi wa mji wa Troyes, aliyeishi kati ya mwaka 1040 na 1105, na swali huwa ni jinsi Wayahudi wenyewe walivyolielewa na kuliishi. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alianzisha kiti cha uprofesa wa Kiebrania katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1540 na katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1546, wakati ambapo Wayahudi walikuwa wamepigwa marufuku kuishi katika nchi hiyo tangu mwaka 1290. Lugha yao ilifundishwa bila wao kuwapo. Taaluma za Kiyahudi kama tunavyozijua leo zilianza na vijana wa Kiyahudi wa Berlin mwaka 1819, miongoni mwao Leopold Zunz, waliotaka historia na fasihi ya watu wao ichunguzwe kwa mbinu za chuo kikuu na kwa heshima inayopewa fasihi ya Wagiriki na Warumi. Ukiijua asili hiyo, utaelewa kwa nini mhadhiri wa idara hii hukunja uso mwanafunzi anapoandika kuhusu Uyahudi kana kwamba ni utangulizi tu wa Ukristo au wa Uislamu.

Idara nitakazozitaja hapa chini hazidai mwanafunzi awe Myahudi. Utakaa darasani na Wakristo, Waislamu, Wayahudi na watu wasio na dini, na kila mmoja atapimwa kwa namna anavyosoma maandishi.

Hatua ya pili: Anza lugha ukiwa nyumbani

Usingoje barua ya kukubaliwa. Alfabeti ina herufi 22, zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, na tano kati yake hubadilika umbo zinapokuwa mwishoni mwa neno. Herufi zinazowachanganya wanaoanza zinajulikana: dalet na resh, bet na kaf, he na chet, vav na zayin, na samekh na ile mem ya mwishoni. Ziandike kwa mkono, jozi kwa jozi, mpaka jicho lizoee kuzitofautisha. Kisha achana haraka na maandishi ya Kiebrania yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini, kwa sababu kila siku unayoyategemea ni siku ambayo jicho halijifunzi. Vitabu vya kuanzia huwa na nukta za irabu juu, chini na ndani ya herufi, mfumo uliokamilishwa na wanazuoni wa Tiberia katika Zama za Kati, lakini magazeti, riwaya na hati nyingi huandikwa bila nukta hizo. Aliyepitia madrasa ana mtaji mkubwa hapa: mkono wake umekwisha zoea kuanzia kulia, anajua maana ya kusoma konsonanti na kujazia irabu mwenyewe, na koo lake linaweza kutamka ayin na chet kama zilivyotamkwa zamani, hata kama Waisraeli wengi wa leo hawaitamki tena ayin.

Kiswahili kinakupa msaada mwingine. Kitabu, katibu na maktaba ni maneno yaliyotujia kutoka Kiarabu, na yote yamebeba konsonanti k, t na b. Kiebrania ni ndugu wa Kiarabu, kwa hiyo utakuta katav, yaani aliandika, na mikhtav, yaani barua, kwa mzizi huo huo. Vitenzi hupita katika mifumo saba mikuu inayoitwa binyanim, na mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye bila kufikiri husema pika, pikwa, pikisha na pikana, huielewa dhana hiyo upesi kuliko Mwingereza. Vivumishi hufuata nomino na kupatana nayo, jambo ambalo kwa aliyekua na ngeli halihitaji maelezo. Jihadhari tu usidhani kwamba kila mfumo wa kitenzi una maana moja isiyobadilika, kwa kuwa kamusi itakuumbua. Jihadhari pia na mkazo: sisi tunauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiebrania mara nyingi huuweka kwenye silabi ya mwisho, na hili ndilo kosa linalosikika zaidi katika usomaji wa Mswahili. Soma kwa sauti na umpe mtu mwingine kazi ya kukusikiliza.

Mstari wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo unafaa kuwa zoezi lako la mwanzo, kwa kuwa una maneno saba tu: bereshit bara Elohim et hashamayim ve'et ha'arets. Tafsiri ya Union inasema, “Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi.” Tazama mpangilio: kitenzi bara kinatangulia, mtenda Elohim anafuata. Tazama pia kwamba Elohim ana umbo la wingi huku kitenzi kikiwa cha umoja, suala ambalo limeandikiwa kurasa nyingi na wafafanuzi wa Kiyahudi na wa Kikristo. Neno et halina tafsiri. Kazi yake ni kutangaza kwamba kinachofuata ni kitendwa mahususi, na wafasiri wetu, walipoandika aliziumba badala ya aliumba, waliifanya kazi hiyo hiyo kwa kiambishi -zi-. Ukiweza kueleza kila neno la mstari huu namna hii, umeshaanza kusoma kama mwanafunzi wa chuo kikuu.

Baada ya sarufi ya msingi, nenda kwenye kitabu cha Yona chenye mistari 48, au Ruthu chenye mistari 85. Vyote viwili ni masimulizi yanayotiririka, na msamiati wake hurudiwarudiwa. Maneno ya Biblia ya Kiebrania yanayotokea mara 50 au zaidi ni takriban 640, kwa hiyo aliyeyahifadhi hayo hufungua kamusi mara chache sana kwenye masimulizi. Kamusi kubwa ya Brown, Driver na Briggs, iliyotoka mwaka 1906 na ambayo leo inapatikana bure mtandaoni, imepangwa kwa mizizi, hivyo usitafute mikhtav chini ya herufi mem, bali chini ya mzizi k-t-b. Kwa maandishi yenyewe, maktaba ya mtandaoni ya Sefaria inatoa bure Biblia, Mishna, Talmudi na wafafanuzi wao, mara nyingi pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Nusu saa kila siku inazidi saa nne za Jumamosi.

Hatua ya tatu: Chagua chuo

Anayetaka Kiebrania cha Biblia kwa ajili ya uchungaji, ualimu wa teolojia au kufasiri Biblia katika lugha za kwetu anaweza kuanza bila kuvuka bahari. Vyuo vya teolojia kama Tumaini Makumira karibu na Arusha na Africa International University jijini Nairobi vina mapokeo ya kufundisha lugha za Biblia, na shahada ya kwanza ya hapa nyumbani, yenye alama nzuri, ndiyo daraja la bei nafuu zaidi la kufikia uzamili wa nje. Afrika Kusini, Chuo Kikuu cha Stellenbosch kinajulikana kwa lugha za kale, na Chuo Kikuu cha Cape Town kina Kituo cha Kaplan cha Taaluma za Kiyahudi, kilichoanzishwa mwaka 1980, ambacho kimejikita katika historia ya Wayahudi wa Afrika Kusini.

Katika Uingereza, Chuo Kikuu cha London, kupitia chuo chake kiitwacho UCL, kina idara kamili inayobeba jina la Kiebrania na taaluma za Kiyahudi, nayo hufundisha kuanzia lugha za kale hadi historia ya karne ya 20. Oxford hufundisha somo hili ndani ya kitivo cha taaluma za Asia na Mashariki ya Kati, na ina Kituo cha Kiebrania na Taaluma za Kiyahudi kilichoanzishwa mwaka 1972, pamoja na shahada ya uzamili ya takriban miezi tisa. Ujerumani ina chuo maalumu cha taaluma za Kiyahudi mjini Heidelberg, kilichofunguliwa mwaka 1979, ila lugha ya kufundishia ni Kijerumani, kwa hiyo ongeza mwaka mmoja wa lugha kwenye hesabu zako.

Israeli ndiko kwenye wataalamu wengi zaidi kwa pamoja. Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu kilifunguliwa mwaka 1925 juu ya Mlima Scopus, na karibu na bunge, katika jiji hilo hilo, ndipo ilipo Maktaba ya Taifa, iliyohamia jengo jipya mwaka 2023. Tel Aviv, Haifa, Bar-Ilan na Ben-Gurion ya Negev nazo zina idara imara. Shahada za kwanza kwa kawaida hufundishwa kwa Kiebrania, lakini kuna programu za uzamili kwa Kiingereza, hasa kupitia shule za kimataifa za vyuo hivyo. Kozi kali ya lugha iitwayo ulpan ndiyo mlango wa wote, na viwango vyake hupangwa kwa herufi kuanzia alef. Nawashauri wale wanaoweza kumudu nauli waihudhurie hata kwa kiangazi kimoja, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuufanya ulimi uharakishe hivyo. Kabla ya kulipa chochote, soma tahadhari za usafiri za serikali yako na uulize chuo chenyewe hali ya masomo ilivyo, kwa kuwa vita vilivyoanza Oktoba 2023 vilichelewesha mwaka wa masomo wa wakati huo. Viza ya mwanafunzi huitwa A/2, nayo huombwa ukiwa na barua ya chuo.

Nieleze hapa jambo ambalo utaulizwa nyumbani na kazini. Wana wa Israeli wanaosimuliwa katika Torati, dini ya Kiyahudi ilivyo leo duniani, na dola ya Israeli iliyoundwa mwaka 1948 ni mambo matatu yenye uhusiano lakini si kitu kimoja, na mwanafunzi makini hujifunza kuyataja kila moja kwa jina lake. Anayesoma Yerusalemu au Haifa hukaa darasani na Wapalestina pia. Ikiwa unajua Kiarabu, kiendeleze. Ikiwa hukijui, kianze.

Hatua ya nne: Tafuta fedha mapema na kwa uwazi

Hapa ndipo wengi hukwama. Wafadhili wengi wa Afrika Mashariki hutaka masomo yanayogusa maendeleo moja kwa moja, na Kiebrania hakimo kwenye orodha zao. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja bila kuubana sana uwanja wa masomo, ila hudai uzoefu wa kazi wa miaka miwili na ahadi ya kurudi nchini kwa angalau miaka miwili. DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, nayo ni mlango wa kubisha. Vyuo vya umma vya Ujerumani kwa kawaida havitozi ada, lakini katika jimbo la Baden-Württemberg, ulipo mji wa Heidelberg, vyuo vya serikali hutoza wanafunzi wasiotoka Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na popote uendapo Ujerumani utatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu za mwaka mzima. Idara zenyewe za taaluma za Kiyahudi huwa na mifuko yao midogo, iliyoachwa na wafadhili binafsi, ambayo haitangazwi sana. Mwandikie katibu wa idara barua fupi na ya adabu ukiuliza moja kwa moja. Makanisa na mashirika ya tafsiri ya Biblia hulipia masomo ya watumishi wao, kwa hiyo aliyemo ndani ya shirika azungumze na uongozi wake kwanza.

Hatua ya tano: Andaa maombi

Vyuo vingi vya Uingereza havipokei KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, peke yake kwa shahada ya kwanza, na hutaka mwaka mmoja wa kozi ya msingi. Aliyemaliza kidato cha sita Tanzania au Uganda aulize kila chuo kinavyoyapima matokeo yake. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu ya gharama, ushauri wangu ni mmoja: chukua shahada ya kwanza hapa Afrika, katika historia, isimu, teolojia, taaluma za Kiislamu au Kiarabu, kisha uombe uzamili.

Katika barua ya maelezo binafsi, usijaze kurasa kwa kueleza ulivyoipenda Nchi Takatifu tangu utoto. Taja maandishi uliyosoma kwa lugha yake ya asili, hata kama ni mistari 48 ya Yona, na ueleze swali lililokukera uliposoma. Sema wazi kiwango chako cha lugha. Chagua waandishi wa barua za mapendekezo wanaoweza kushuhudia uwezo wako wa kujifunza lugha, na mwalimu wa Kiarabu au wa Kigiriki anafaa kuliko mkuu wa shule asiyekufahamu. Fanya mtihani wa Kiingereza wa IELTS mapema, kwa kuwa matokeo yake hudumu miaka miwili. Kwa Mtanzania, pitia TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kupata kibali cha kwenda kusoma nje kabla ya kuondoka, maana kukifuatilia baadaye ni usumbufu.

Hatua ya sita: Jifunze kusoma ukurasa wa Talmudi

Darasa litakalokushtua zaidi ni la Talmudi, na ndilo litakalokujenga. Talmudi ya Babeli ina majani 2,711, na karibu kila kitabu chake huanza kwenye jani la pili. Katikati ya ukurasa kuna Mishna na mjadala wake unaoitwa Gemara. Upande wa ndani, karibu na mshono wa kitabu, kuna ufafanuzi wa Rashi kwa mwandiko wa pekee ambao itabidi ujifunze upya kama alfabeti ya pili, na upande wa nje kuna hoja za wanafunzi na wajukuu zake, ziitwazo Tosafot. Hakuna irabu, na alama za kituo karibu hazipo. Kitabu cha kwanza, Berakhot, kinaanza bila utangulizi wowote kwa swali: ni tangu saa ngapi husomwa Shema (ungamo la imani la kila siku) ya jioni? Jibu la Mishna ni kwamba husomwa tangu saa makuhani wanapoingia kula sadaka yao, na kuanzia hapo Gemara inauliza kwa nini mwandishi ameanza na jioni badala ya asubuhi, na kwa nini amelifunga jambo la sala kwenye mlo wa makuhani. Msomaji aliyelelewa na adhana tano, au aliyekaa na mafakihi wanaojadili wakati wa alasiri, atajikuta si mgeni sana katika mazungumzo hayo.

Wanafunzi husoma wawili wawili, kwa sauti, wakibishana, utaratibu uitwao havruta. Tafuta mwenzako mapema, wala usione aibu kumwambia hukuelewa. Andaa mistari kumi kwa kila kipindi: iandike upya kwa mkono, weka alama mwenyewe mahali swali linapoanza na mahali jibu linapoishia, tafuta mizizi yote, ndipo ufungue tafsiri. Anayefungua tafsiri kwanza hufaulu jaribio la wiki na kuanguka mtihani wa mwisho, ambako huwekewa kifungu asichowahi kukiona.

Hatua ya saba: Chagua mada ya tasnifu ambayo wewe unaiweza kuliko wengine

Hapa ndipo mwanafunzi wa Afrika Mashariki anapaswa kusimama wima. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alikubali kuwapa Wazayuni, waliokuwa wakitafuta nchi kwa ajili ya Wayahudi, eneo la kukaliwa na Wayahudi katika uwanda wa Uasin Gishu. Mpango huo umeitwa wa Uganda hadi leo ingawa ardhi yenyewe iko Kenya. Tume ya watu watatu ilitumwa kuikagua, na mkutano mkuu wa saba wa Wazayuni, mwaka 1905, ukaukataa mpango. Mengi yameandikwa kutokana na kumbukumbu za London na za Wazayuni, lakini anayeweza kusikiliza masimulizi ya Wanandi na Wamaasai, waliokuwa wakiitumia ardhi hiyo, ana nafasi ya kusema jambo jipya. Gilgil nako, katika Bonde la Ufa, Waingereza waliwafunga wapiganaji wa Kiyahudi waliohamishwa kutoka Palestina miaka ya 1940. Nairobi ina sinagogi ambalo mwanzo wake ni kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Karibu na Mbale wapo Abayudaya, jumuiya ya Wayahudi wa Uganda iliyoanzishwa na Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda, takriban mwaka 1919, ambayo rabi wake, Gershom Sizomu, alipata daraja la urabi Marekani mwaka 2008. Ukienda kwao, omba ruhusa kwa viongozi kabla ya safari, na kuanzia Ijumaa jua linapotua hadi Jumamosi usiku weka kando kalamu, simu na kamera, kwa kuwa wanaishika Sabato. Andika kumbukumbu zako Jumapili.

Kwa anayependa zama za kale, Geniza ya Kairo ni hazina isiyokwisha. Katika ghala la sinagogi la Ben Ezra, Fustat, yaani Kairo ya kale, Wayahudi walitupia kwa karne nyingi karatasi zilizochakaa ambazo hawakutaka kuzichoma kwa kuheshimu jina la Mungu, na mwanazuoni Solomon Schechter wa Cambridge aliwasili humo majira ya baridi ya 1896 na 1897, akapeleka Cambridge vipande takriban 193,000. Mwanahistoria S. D. Goitein alitumia miaka mingi ya maisha yake kusoma barua na hati za kila siku zilizomo: mahari, madeni, shehena za pilipili, na barua za wafanyabiashara waliosafiri kati ya Misri, Adeni na pwani ya Malabar katika karne ya 11 na ya 12. Sehemu kubwa ya barua hizo ni Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania. Mtu wa Lamu au Zanzibar, ambaye anajua kwamba wahenga wake waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na wakaishi kwa pepo zile zile za kaskazi na kusi, anazisoma barua hizo akiwa na maswali ambayo mwanafunzi wa Ulaya hawezi kuyapata vitabuni. Mada nyingine iliyo karibu ni kisa cha Yusufu: kilinganishe katika Mwanzo, katika midrashi za marabi, yaani fafanuzi na visa vyao juu ya Biblia, na katika tenzi za Kiswahili, na utaona matukio ambayo hayamo katika Biblia yakijitokeza kwa marabi na kwa washairi wetu pia.

Huhitaji kusafiri ili kuanza utafiti. Ktiv, mradi wa Maktaba ya Taifa ya Israeli, unaonyesha bure picha za hati nyingi za mkono kutoka maktaba za dunia, na vipande vya Magombo ya Bahari ya Chumvi, ambayo yalianza kugunduliwa Qumran mwaka 1947, vimewekwa mtandaoni kwa picha zinazoweza kukuzwa mpaka wino uonekane.

Hatua ya nane: Vyeti na kazi

Ukimaliza, peleka vyeti vyako kwa msimamizi wa vyuo vikuu wa nchi yako, yaani TCU ukiwa Tanzania, CUE ukiwa Kenya, au NCHE ukiwa Uganda, ili shahada itambuliwe, na ubebe pia muhtasari wa kila somo uliosainiwa na chuo, kwa sababu ofisi hizo zinaweza kutaka kujua ulichosoma chini ya jina ambalo hazijalizoea. Ajira iliyo karibu zaidi ni ya kufundisha katika vyuo vya teolojia na vitivo vya dini, ambako wahadhiri wa Kiebrania ni wachache, ikifuatiwa na tafsiri ya Biblia katika lugha ambazo bado hazina Agano la Kale. Ubalozi ni njia nyingine: Kenya ina ubalozi Tel Aviv, na Tanzania ilifungua wake huko mwaka 2018. Katika wasifu wako, usiandike “Kiebrania” peke yake. Andika unasoma maandishi ya zama zipi, unazungumza kwa kiwango gani cha ulpan, na kama unasoma hati za mkono zisizo na irabu, kwa kuwa mwajiri anayehitaji ujuzi huo ataukagua kwa kukuwekea ukurasa mezani.